Gunia Ni Kilo Ngapi? Mjadala wa Kibwezi na Mutomo

Kutoka Kibwezi hadi Mutomo siku hizi ni lami. Lori la nafaka huondoka upande wa Makueni asubuhi, huvuka Mto Athi, hupita Ikutha, na kabla jua halijafika utosini limekwisha kuingia sokoni upande wa Kitui. Barabara hiyo ilipokuwa ya vumbi na makorongo, gunia likifika limepungua watu waliilaumu njia. Njia imetengenezwa, na gunia linaendelea kufika limepungua.

Shauri ninaloliweka mbele yenu nimelishona kutokana na malalamiko yanayorudi kila mwaka Ukambani, kuanzia Septemba hivi, wakati maghala ya nyumbani yamebaki vumbi na watu wanaanza kununua kile wanachokilima. Wasemaji sikuwapa majina, maana hawajawahi kuketi pamoja ila katika kurasa hizi, na hesabu nimezipanga mwenyewe ili zifuatike. Hoja zao, hata hivyo, utazikuta katika soko lolote kati ya Emali na Mwingi.

Kisa ni hiki. Chama cha kina mama ishirini karibu na Mutomo kilichanga pesa kikaagiza magunia 20 ya mahindi kwa mwenye stoo mmoja wa Kibwezi. Bei ilikuwa shilingi 4,500 kwa gunia, jumla 90,000, zikatumwa kwa simu. Risiti ilisema tu: magunia 20, mahindi. Mzigo ukafika, ukashushwa, kila mama akachukua gunia lake, dereva akageuza lori. Kesho yake mmoja wao akapeleka gunia kwenye mashine ya kusagia unga, likapandishwa kwenye mizani. Halikufika 90. Wakayakusanya yote wakayapima upya. Kilo 1,704. Mtu akisema gunia la mahindi, huku kwetu tunaelewa kilo 90, kwa hiyo walitarajia 1,800. Zilizokosekana ni kilo 96, yaani gunia zima na kilo sita juu yake.

MAMA HAZINA: Mimi ndiye mweka hazina. Pesa zilitoka kwenye simu yangu, kwa hiyo macho yote yako kwangu. Niseme jambo ambalo watu wa mizani hawalifikirii. Hatukuanza kugombana na tajiri wa Kibwezi. Tulianza kugombana sisi kwa sisi. Magunia hayakupungua sawasawa: kuna mama aliyepata kilo 88, na kuna mjane aliyepata 82. Huyo mjane aliniuliza mbele ya wenzake ni nani aliyemchagulia gunia lake. Miaka yote hii tumechangiana, tumesaidiana kuzika, tumelipiana karo, na asubuhi moja tukawa tunatazamana kama wezi. Mwenye stoo akiambiwa kilo 96 anasikia kilo. Mimi nasikia swali la yule mjane.

MWENYE STOO: Pole, mama, na ni pole ya kweli. Lakini usinivike kosa lisilo langu. Uliagiza magunia ishirini, nikapakia magunia ishirini. Yalikuwa yameshonwa, hakuna lililofunguliwa njiani. Risiti yako haina kilo. Gunia ni gunia.

MKAGUZI MSTAAFU: Nimekagua mizani za wafanyabiashara maisha yangu yote ya kazi, na neno hilo nimelisikia kila mahali. Gunia ni kilo ngapi, bwana?

MWENYE STOO: Inategemea, mzee wangu. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu. Mahindi haya niliyanunua upande wa Loitokitok, yamevunwa juzi juzi. Niliyapima palepale: kilo 90 kila gunia. Unyevu wake ulikuwa asilimia 18. Mahindi ya unyevu huo siwezi kuyaingiza stoo, yatashika ukungu. Nikakodi uwanja, nikanunua maturubai, nikalipa vijana wayaanike na kuyageuza mpaka yakafika asilimia 13 na nusu, kiwango ambacho hata Bodi ya Nafaka hukidai. Sasa pigeni hesabu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 73.8 za nafaka. Zilizobaki ni maji. Maji yakishuka mpaka asilimia 13 na nusu, kilo hizo 73.8 zinakuwa asilimia 86 na nusu ya uzito mpya. Ukigawanya utapata kilo 85.3. Mara ishirini ni 1,706. Mama amepata 1,704. Hizo mbili ni za bambo, maana kila mnunuzi anayepita stoo huchoma gunia na kuondoka na mahindi kiganjani. Kilichopungua ni maji, na aliyeyachukua ni jua.

Hesabu hii niliirudia mara mbili nikitafuta kosa, nikalikosa. Naomba msomaji naye asiipite haraka, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanaposhindwa. Wanafika dukani na neno "mwizi" mdomoni, wanamkuta mtu ana namba zake, wanarudi nyumbani wakiwa wamenyamazishwa na ukweli ambao si ukweli wote.

MKAGUZI MSTAAFU: Hesabu yako ni safi, na ndiyo inayokufunga. Siku mama anatuma pesa ulikuwa unajua kwamba gunia lako lina kilo 85. Yeye alikuwa anajua 90. Na si yeye tu: wewe mwenyewe, uliponunua Loitokitok, gunia lako lilikuwa kilo 90. Umelitamka sasa hivi kwa mdomo wako. Iweje gunia liwe 90 ukiwa mnunuzi, na liwe "gunia tu" ukiwa muuzaji? Halafu angalia bei. Shilingi 90,000 kwa kilo 1,800 ni shilingi 50 kwa kilo. Shilingi hizo hizo kwa kilo 1,704 ni karibu 52 na senti 80. Ulipandisha bei, ila hukuitamka. Kuanika ni kazi, na kila kazi ina ujira wake. Udai ujira huo kwenye bei. Mwambie mnunuzi: mahindi yangu ni makavu, kilo ni shilingi 53. Atakubali au atakataa, lakini atakuwa amejua anachokinunua.

MWENYE STOO: Atakataa, mzee! Ataenda kwa jirani yangu ambaye hakuanika kitu. Gunia la jirani litafika Mutomo na kilo 90 kamili, mizani itatulia pale pale, kina mama watapiga vigelegele, na ndani mna karibu kilo tano za maji ambazo mimi nilizitoa kwa gharama yangu. Yeye ataitwa mwaminifu, mimi mpunjaji. Mkishika mizani peke yake, mnatufundisha sisi wafanyabiashara kuuza maji.

MZEE WA MAKUENI: Hapo, mwanangu, umegusa kidonda, na ni lazima nikisemee. Mwaka 2004 huku kwetu na huko Kitui tulizika watu kwa sababu ya mahindi. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Ini lilikuwa linashindwa, macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji, na mwanzoni wengi wetu tulidhani ni ugonjwa wa kawaida au ni mkono wa mtu. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu kwenye nafaka. Mahindi mengi yalikuwa ya shamba letu wenyewe, yamewekwa ndani kabla hayajakauka kwa sababu tuliogopa wezi na njaa, na mengine yakaingia sokoni. Tangu hapo sinunui mahindi kabla ya kuyajaribu kwa chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kidogo na chumvi kavu, unafunga, unatikisa, unaacha dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yamezidi asilimia 15. Chumvi ikianguka chini bila kuacha alama, unaweza kuyapeleka nyumbani. Kwa hiyo, mwaitu, mama yangu, usiulize kilo ngapi peke yake. Uliza ni kilo ngapi za kitu gani.

MAMA HAZINA: Nimekusikia, baba, na ulichosema nitakipeleka kwa wenzangu. Hatukatai mahindi makavu. Tumeyala, tumeyakoboa muthokoi, ni mazuri, na nilimwambia hivyo kwenye simu. Lakini mkinizungumzia unyevu, nami nina la kwangu. Februari tulivuna ndengu. Broka alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, akaifunga kwenye tawi la mti. Kila gunia alikata kilo moja ya gunia lenyewe, akakata nyingine ya takataka, halafu akakata mbili akisema ndengu hazijakauka, zitamyeyukia njiani. Nilikubali, maana karo ilikuwa inadaiwa. Oktoba nanunua mahindi kwa pesa zile zile za ndengu, naambiwa kilo zimepungua kwa sababu yamekauka. Sasa nielezeni. Nikiuza, maji yanakatwa kwangu. Nikinunua, maji yanakatwa kwangu. Kuna siku maji yatakatwa kwa mwingine?

Nilitaka kumpa mwenye stoo nafasi ya kulijibu swali hili mara moja, nikaona halimhusu yeye peke yake. Nimelitafakari kuliko kitu kingine chochote katika shauri hili. Familia ile ile ya Kitui au Makueni huwa muuzaji kwa majuma machache baada ya mavuno na mnunuzi kwa miezi mingi iliyobaki. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi, na ikikosekana hakuna hata hayo majuma machache. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 ilipita misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Basi mtu huyu anaingia sokoni kwa milango miwili, na katika kila mlango mizani imeshikwa na mwingine. Hapungukiwi kwa sababu hajui hesabu. Anapungukiwa kwa sababu hajawahi kuwa upande wa mizani.

MWENYE STOO: Mimi sinunui ndengu, mama. Huyo broka si mimi.

MZEE WA MAKUENI: Ndengu hununui, lakini mahindi yangu uliyanunua, tajiri. Ni gunia gani lile ulilokuja nalo?

MWENYE STOO: Mzee wangu, lile ni la biashara. Kila mtu analitumia.

MZEE WA MAKUENI: Lilikuwa lumbesa. Gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kilemba cha neti na kushonwa kwa kamba. Nilihesabu madebe yaliyoingia, nikakuambia limepita gunia. Ukanijibu hivyo hivyo ulivyomjibu mama: gunia ni gunia. Siku ile gunia lilikuwa limenenepa. Leo limekonda. Na siku zote mbili anayelivisha ni wewe.

MWENYE STOO: Nikikataa lumbesa, mwenye lori kutoka Nairobi atakuja kuyachukua mwenyewe kwa lumbesa kubwa zaidi, na mimi nifunge stoo. Sikuanzisha mimi desturi hii.

MKAGUZI MSTAAFU: Hakuna aliyesema uliianzisha. Lakini tuelewane kuhusu kitu kimoja. Gunia si kipimo. Gunia ni nguo tu ya nafaka. Kipimo ni kilo. Serikali yenyewe ilichelewa kulisimamia hili. Kwa viazi, kanuni za 2019 zikaweka wazi kwamba mfuko usizidi kilo 50, na hata hivyo lumbesa bado zinapita barabarani mchana. Gorogoro nalo ni hivyo hivyo. Watu wanasema ni mkebe wa kilo mbili. Ulikuwa wa kilo mbili za mafuta ya kupikia! Ukiujaza mahindi unapata uzito mwingine, ukiujaza ndengu mwingine tena, na ukiubonyeza kitako kwa ndani unapata wa tatu. Nimekamata mikebe iliyobonyezwa vizuri hivi kwamba ukiitazama kwa juu huoni kitu, mpaka uingize mkono.

MZEE WA MAKUENI: Babu zetu walipopeleka pembe za ndovu pwani, walipimiwa kwa frasila, kama ratili 35 za siku hizo, na nafaka huko zilipimwa kwa pishi na kibaba, vibaba vinne kwa pishi moja. Hayo hayakuwa majina ya vyombo vya Wakamba. Mtu ametembea siku nyingi nyikani na mzigo begani, anafika, anaambiwa uzito wake na mwenye kununua. Nikimsikiliza mwaitu huyu naona safari bado ni ile ile, ila imewekwa lami.

DEREVA: Naomba nami niseme, maana nimekaa hapa nikingoja kutajwa. Kila mzigo ukipungua, wa kwanza kuulizwa ni dereva na utingo wake. Tajiri ndiye aliyenipigia simu, kina mama ndio walionilipa nauli. Nilipakia ishirini, nikashusha ishirini. Kwenye kizuizi cha ushuru walihesabu ishirini, nikalipa, nikapewa karatasi. Hakuna aliyepima. Ningeomba kupima, tajiri angetafuta dereva mwingine asiye na maneno. Nikifika Mutomo nako, kina mama wana haraka, kila mmoja ana punda au bodaboda inayomngoja. Ningefurahi sana kama mtu angepima nikipakia na apime nikishusha. Mizani ndiyo shahidi wangu wa pekee, na sijawahi kupewa.

MAMA HAZINA: Kijana wangu, sikukulaumu.

DEREVA: Wewe hukunilaumu, mama. Wengine kijijini walinilaumu, nami nilisikia.

MKAGUZI MSTAAFU: Basi tumtoe kijana kwanza, sheria inaturuhusu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa husema kwamba muuzaji akimkabidhi mchukuzi mzigo ampelekee mnunuzi, kwa kawaida huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Kwa hiyo gunia lingepasuka Ikutha, kina mama wangekuwa na kazi kubwa ya kumdai tajiri. Lakini gunia halikupasuka. Kwa hesabu ya tajiri mwenyewe, kilo zilikwisha kutoweka uwanjani Kibwezi, kabla lori halijapakiwa. Dereva hayumo. Pili, sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi akiletewa pungufu ya alichonunua ana njia mbili: aukatae mzigo wote, au aupokee na alipie kile kilichofika tu, kwa bei waliyokubaliana. Kina mama wameupokea, wameula. Basi wanalipia kilo 1,704 kwa shilingi 50, ambazo ni 85,200. Walilipa 90,000. Wanadai shilingi 4,800, au kilo 96 za mahindi makavu kama haya. Tena kuuza uzito pungufu ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, si ugomvi wa watu wawili tu.

MAMA HAZINA: Niyapeleke wapi sasa madai haya?

MKAGUZI MSTAAFU: Katiba ya 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kulipwa hasara yake. Katiba hiyo hiyo imeweka masoko na biashara ya haki mikononi mwa kaunti, kwa hiyo wakaguzi wako kwenye kaunti.

MAMA HAZINA: Kaunti ipi, mzee? Mimi niko Kitui, mizani ya tajiri iko Makueni. Nikienda kwa wetu wataniambia stoo iko ng'ambo ya mto.

MKAGUZI MSTAAFU: Watakuambia hivyo, na si uongo. Mkaguzi wa Makueni ndiye mwenye kuingia stoo ile. Unaweza pia kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizo zilianza kazi mwaka 2021, zinasikiliza madai ya bidhaa yasiyozidi shilingi milioni moja, shauri linatakiwa kumalizika ndani ya siku 60, na huhitaji wakili.

MAMA HAZINA: Siku sitini kuanzia Oktoba ni mpaka Desemba. Mvua ya Oktoba haingoji mtu aliye mahakamani. Asiyepanda wiki ile ya kwanza amekosa mwaka. Na tugawanye hizo 4,800 kwa watu ishirini. Ni shilingi 240 kwa kila mama. Nani atapanda gari kwenda kudai 240 wakati nauli yenyewe inazila? Ndipo nilipoelewa kwa nini tunapunjwa kidogo kidogo. Mngenipunja magunia matano ningelala mlangoni pa stoo. Mkinipunja kilo nne na kitu kwa kila mtu, mnajua tutakaa kimya. Haba na haba hujaza kibaba, nami nauliza kibaba kinachojaa ni cha nani. Kilo hizo kwangu ni chakula cha siku mbili kwa watu sita. Kwake, akihudumia vyama kumi kama chetu, ni kilo 960 bila kulima hata mstari mmoja.

MWENYE STOO: Mama, unaniona kama niliketi nikapanga hivyo. Sikupanga.

MAMA HAZINA: Nakuamini. Lakini zimebaki kwako.

Hapa nitasema ninavyoona mimi, maana sikuwakalisha watu hawa ili nijifiche nyuma yao. Mwenye stoo anadaiwa kilo 96, zote, na hoja ya jua haizipunguzi hata moja. Kuanika mahindi ni jambo jema. Katika nchi iliyozika watu 125 kwa sumukuvu ni jambo la kuokoa maisha, na tunapaswa kulilipia. Lakini jema hilo alilifanya kwa hiari yake, akaliuza kwa siri, na mtu hawezi kulipishwa kwa siri. Aliyejua ni mmoja. Aliyelipa ni mwingine. Hiyo pekee inanitosha kuamua.

Hata hivyo siwezi kumwacha Mama Hazina aondoke akiwa na haki tu, bila kuelezwa kwamba neno "gunia" katika oda yake ndilo lililomfungulia tajiri mlango. Tulizoea kuagiza kwa magunia kwa sababu tuliwaamini waliotuuzia. Imani ile ilikuwa nzuri na sioni aibu nayo. Lakini stoo ya Kibwezi si jirani wa kuvuka uzio. Hamjuani sura, mnajuana namba za simu. Kwa mtu kama huyo agiza kilo, andika unyevu, andika mahali pa kupimia, kabla pesa hazijatoka.

Na kuna wa tatu ambaye hajaketi nasi. Dereva alipita kwenye kizuizi, magunia yakahesabiwa, ushuru ukalipwa. Kaunti zetu mbili zinajua idadi ya magunia yanayovuka Mto Athi, kwa sababu kila moja linaingiza pesa. Mahali pale pale panapohesabiwa gunia ili litozwe, pangeweza kuwekwa mizani kubwa yenye muhuri wa mkaguzi na kipima unyevu, kijana mmoja akatoa kikaratasi: kilo kadhaa, unyevu kadhaa, tarehe. Kikaratasi hicho kingempa dereva shahidi wake. Kingempa tajiri mwaminifu silaha dhidi ya jirani yake muuza maji. Kingemfikia mjane wa Mutomo kabla hajauliza lile swali lake. Tunaambiwa bajeti haitoshi. Kina mama ishirini waliweza kuazima mizani ya mashine ya unga kwa asubuhi moja. Sikubali kwamba serikali mbili za kaunti, zenye masoko, maafisa na ushuru wa kila siku, zinashindwa na kitu hicho hicho.

MWENYE STOO: Tufanye hivi, mama. Tugawane hasara. Nikupe kilo 48, nusu yako nusu yangu, tubaki marafiki.

MAMA HAZINA: Hasara ya nani tugawane? Tisini na sita.

MWENYE STOO: Gunia moja basi. Kilo 90 kamili, nipime mwenyewe, nilitume kwa lori lijalo bila nauli.

MAMA HAZINA: Na zile sita?

MWENYE STOO: Mama, kilo sita!

MAMA HAZINA: Hizo sita ndizo ninazozitaka kuliko lile gunia. Gunia tutaligawana kwa gorogoro, kila mtu apate chake. Sita nitampelekea yule aliyepata 82, nimpimie wenzake wakiwa wamesimama. Na mwezi ujao tunaagiza tena, kwako au kwa jirani yako, bado hatujaamua. Tutaandika: kilo 1,800, makavu, zipimwe Mutomo kabla ya kushushwa. Bei utaitaja wewe, na ukisema 53 tutakaa tuizungumzie.

MKAGUZI MSTAAFU: Ongeza: kwa mizani yenye muhuri wa mwaka huu.

MAMA HAZINA: Nimeongeza, mzee. Na chupa ya chumvi tutakuja nayo.

MWENYE STOO: Nipe mpaka jioni nizungumze na nyumbani.

DEREVA: Jumatano napakia saa kumi na moja alfajiri, nyuma ya stoo. Kama kuna atakayepima, aje kabla sijafunga turubai.